Mluzi wa Mzee Luhaga Ndani ya Kinanda

Jumatatu, 7 Julai 2025
Dada Nyanjige kasema nikipiga harusi ya Jumamosi kule Zagayu halafu nikakosa kazi nyingine, kinanda chake anakiuza. Sina wasiwasi. Mimi fundi. Kidole kimoja kushoto, staili ya ndani ya kinanda yenyewe inaleta ngoma, besi, gitaa. Kazi yangu kutabasamu.

Shida ni Maduhu. Naye ana kinanda, staili zile zile. Leo pale kwa muuza chipsi kawauliza watu kama wanataka kuisikia harusi yangu mapema. Akaipiga kwa mdomo, mwanzo mpaka mwisho. Wamecheka. Hata mimi nimecheka. Baadaye ndo nikakasirika.

Jumatano, 9 Julai
Wazo! Staili naitengeneza upya. Nimeenda lamboni kwa Mzee Luhaga, mfugaji. Ng'ombe huku hawanywi maji vizuri mpaka wapigiwe mluzi, na wa kwake mtamu balaa. Nimeurekodi kwa simu, nikautia kwenye flashi. Nikafuta ngoma kwenye staili, nikapachika mluzi. Mzee kauliza naupeleka wapi. Harusini, nikamwambia. Akasema, ng'wanawane, mwanangu, huko ng'ombe hawatakuwepo? Nikamjibu watakuwepo, wa zawadi. Akanitazama sana. Wazee hawaelewi muziki.

Jumamosi, 12 Julai
Bibi harusi, Gloria, kaingia vizuri na staili ya kawaida. Maduhu kaja bila kualikwa. Kakaa mbele.

Ikafika zamu ya wajomba na ng'ombe wao, wametembezwa tangu alfajiri. MC akaita muziki. Nikabonyeza staili mpya.

Jamani! Ng'ombe wakasimama. Masikio juu. Kisha wote wakafuata maji. Maji yenyewe mapipa ya kupozea soda, nyuma ya meza kuu. Meza hawakuizunguka.

Nikataka kuzima, nikabonyeza siko, spidi ikapanda. Ng'ombe nao wakapandisha. Keki ilikuwa ya ghorofa. Shangazi wa bwana harusi kapanda juu ya spika, kagoma kushuka. Maduhu kapiga makofi, tena kasimama.

Jumapili, 13 Julai
Kanisani sijaenda. Dada kaenda, karudi na habari zote. Kasema mnunuzi kapatikana: Maduhu. Nimelia kidogo, kidogo kweli. Akasema basi, nikipata kazi kesho, kazi yoyote, kinanda kinabaki.

Jumatatu, 14 Julai
Nimezunguka Bariadi nzima. Harusi, hapana. Kipaimara, hapana. Msibani wameniomba niondoke taratibu.

Jioni simu. Mzee Luhaga! Koo linamuuma, mluzi hautoki, ng'ombe wamesimama lamboni wanamtazama. Nikapakia kinanda na spika kwenye bodaboda. Nikabonyeza. Wakanywa wote! Mzee kasema nije kila siku mpaka koo lipone. Dada kanuna, ila yeye mwenyewe ndo alisema kazi yoyote.

Staili tu haijakamilika. Mluzi ule ule, mwisho hauna utamu. Kesho, wakiwa katikati ya kunywa, naweka sauti ya fisi. Nimeshaipata. Safi kabisa.