Jumatano ya Hiltrud

Jumapili, 9 Februari 2025. Baharini.

Siku ya thelathini na tisa ya safari. Upepo hakuna. Nchi kavu hakuna. Saa kumi na moja alfajiri niliweka mataulo yetu ya bluu kwenye viti vya kulalia namba 1 na 2, nyuma kabisa ya meli. Ndivyo viti pekee vyenye kivuli kutwa nzima. Nikaenda kunywa kahawa. Niliporudi: mataulo ya manjano! Yetu yamekunjwa vizuri na kuwekwa sakafuni. Puvogel!

Volkmar Puvogel, mwalimu mstaafu wa Osnabrück. Amejilaza na mkewe, anasoma, anatabasamu. Nilimwambia taulo likishawekwa limewekwa, Mjerumani hafundishwi hilo. Akajibu kwamba taulo lililotelekezwa zaidi ya nusu saa ni nguo chafu tu. Nikazima mashine zangu za masikio nisimsikie. Betri nazo zinapumzika.

Jioni mke wangu Hiltrud alinikalisha chini. Jumatano, tarehe 12, anatimiza miaka sabini. Hataki zawadi. Anataka kulala kivulini kutwa, mimi kando yake, bila ugomvi. "Siku moja tu, Eckhard. Moja." Akanikumbusha alipotimiza sitini (nilimpimia mpishi nyama kwa mizani mbele ya wageni) na sitini na tano (polisi). Nikiharibu na hii, tukifika Auckland anapanda ndege peke yake kwenda kwa dada yake Bielefeld, na hajui atarudi lini. Nauli ameshaulizia. Hakupaza sauti hata kidogo. Hapo ndipo nilipoogopa.

Jumatatu, 10 Februari. Baharini.

Mpango wa kwanza. Nimeandika RANGI MBICHI kwa herufi kubwa, nikabandika kwenye kiti namba 1. Nikakaa namba 2 kulinda. Usingizi ukanichukua kidogo. Nilipoamka Puvogel alikuwa namba 1 na karatasi haionekani. Nimekwenda kwenye meza ya keki. Watu wote walinipisha! Nilidhani ni heshima. Hiltrud amenibandua karatasi mgongoni saa tisa alasiri. Ameandika namba ya simu ya shirika la ndege kwenye daftari lake.

Jumanne, 11 Februari. Baharini.

Mpango wa pili: mapatano, tena kwa maandishi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimeinama mbele ya kiti namba 1 na kumpa Puvogel masharti: yeye achukue viti vyote viwili leo na Alhamisi, mimi aniachie Jumatano. Nilijiandaa kwa mabishano ya saa nzima.

Akaweka kitabu chake chini. "Jumatano hii, Bwana Nottbusch? Ya kesho?"

Nikamwambia hiyo hiyo, tarehe 12, kutwa nzima.

"Chukua. Asubuhi yake, jioni yake, yote yako."

Akatoa kalamu mwenyewe! Mkewe alifunika uso kwa kitabu, mabega yakimtikisika. Nadhani alikuwa analia. Kivuli si kitu cha kupoteza hivi hivi, namwelewa.

Mchana nahodha alizungumza kwa kipaza sauti, kirefu sana. Watu walipiga makofi na kugonganisha glasi. Masikio yangu yalikuwa yamezimwa. Bila shaka ni bahati nasibu.

Wakati wa chakula nimewasha masikio. Hiltrud akaniuliza kama najua kesho kuna nini. Nikamwekea kidole mdomoni. Kwetu kumpongeza mtu kabla ya siku yake ni kumletea mkosi, na kwa miaka arobaini na minne ya ndoa sijafanya kosa hilo. "Lakini Eckhard..." Nikazima tena. Akahema, akala samaki wake.

Alhamisi, 13 Februari. Baharini.

Nilikuwa nimeandika Jumatano, 12. Nimekata.

Alfajiri nimekuta mataulo ya manjano. Na Puvogel juu yake! Nimempungia mkataba usoni. Saini ni yako, si yako? Akakiri ni yake. Akaniomba nisome gazeti la meli, pale juu kabisa. Alhamisi, 13 Februari. Wakati tumelala meli imevuka mstari wa tarehe, na anayeuvuka akielekea magharibi hupoteza siku nzima. Nahodha alitangaza. Jumatano haikuwepo.

"Ingekuwepo ningekupa," alisema Puvogel. "Mimi mkataba nauheshimu."

Amefundisha jiografia miaka thelathini na mitano. Mimi nimepima ardhi miaka thelathini na minane. Ardhi lakini. Hii ni bahari.

Nimeshuka chumbani. Nikamweleza Hiltrud yote, nimesimama mlangoni kama mtoto aliyevunja sahani. Nikangoja aseme Auckland. Akaanza kucheka. Akacheka mpaka akavua miwani. Akasema katika miaka arobaini na minne, hii ndiyo sikukuu yake ya kwanza ya kuzaliwa ambayo sikuiharibu. Kisha akasogea kitandani, akanipisha. Tumelala hapo hadi saa ya kahawa, mimi kimya. Ile karatasi yenye namba ya simu ameichana. Nimefurahi mno.

Ijumaa, 14 Februari. Baharini.

Lakini sherehe ni lazima, mtu hafikishi sabini bure. Hiltrud hajui, nitamshtukiza. Nimerudi kwa Puvogel na mkataba mpya. Yeye achukue viti vyote viwili kuanzia leo hadi tarehe 28, pamoja na keki yangu ya kila siku. Mimi nipate Jumamosi, tarehe 29 Februari, kutwa nzima.

Safari hii hanipati. Nimemuuliza mara mbili kama siku hiyo meli itavuka mstari wowote. Ameapa haivuki. Nimehesabu mwenyewe kwa vidole: Ijumaa ni tarehe 28, basi Jumamosi ni 29. Ametia saini kabla sijamaliza kusoma. Mkewe amelia tena.