Bakuli Lililorudi Zito Kuliko Lilivyoondoka

Kwa Dada Mkubwa,
Mwenyekiti wa Mlo wa Familia na Mshika Orodha,
Nyumba ya Geti la Kijani.

Dada yangu mheshimiwa,

KUHUSU: KUONDOLEWA KWANGU KWENYE VYAKULA VYA KUSINDIKIZA NA KUPELEKWA KWENYE MAJI

Natumaini barua hii itakukuta mzima, magoti yako yakiwa yametulia na shemeji yangu akiwa ameipata miwani yake. Mimi ni mzima wa mwili. Kuhusu moyo, endelea kusoma.

Jana jioni niliisoma orodha ya mlo wetu wa Jumapili ya mwisho wa mwezi, ule ambao kila nyumba huja na chungu chake. Uliituma kwenye simu za watu wote kumi na tisa, kwa hiyo hakuna atakayesema nimeletewa umbea. Kaka Mkubwa: nyama. Kaka wa Pili na mkewe: viazi vya kuoka. Dada wa Katikati: wali. Nikashuka, nikashuka, na chini kabisa, baada ya vijiti vya meno, nikajikuta: "Kitinda: maji ya kunywa na viti vya plastiki."

Dada, nina miaka hamsini na miwili. Nina karakana yenye mlango wa chuma na jina langu juu yake. Wauza nyama, wauza unga na zahanati mbili huniletea mizani zao ili niwaambie kama zinasema kweli. Lakini katika familia hii mimi ni kitindamimba, na kitindamimba hata akiota mvi hutumwa maji. Tangu nilipoweza kuinua kiti hadi nilipofika miaka arobaini na tisa, nilibeba viti. Ndipo siku moja ukasema kwa mdomo wako mwenyewe, "Haya, na wewe safari hii lete cha kusindikiza." Nilikwenda uani nikajifanya natafuta ufagio, maana machozi yalikuwa yananitoka.

Nikatengeneza saladi yangu ya kabichi: kabichi iliyochemshwa na kupozwa, karoti, zabibu kavu, siki, chumvi, na karafuu ya unga kwa kiasi ninachokijua mimi. Kila kitu kinapita kwenye mizani yangu ya jikoni kabla ya kuingia bakulini. Sionji. Kuonja ni kubahatisha kwa ulimi, na mimi sikusomea kubahatisha. Kwa miaka mitatu nimeileta saladi hiyo kila mlo, bila kukosa hata siku niliyokuwa na homa. Sasa, bila onyo wala kikao, nimerudishwa kwenye jagi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kuhusu mahali. Meza yako ina urefu wa mita tatu na nusu, nimeipima. Nyama hukaa katikati, viazi kulia kwake, wali kushoto, na bakuli langu huwekwa ukingoni kabisa, nyuma ya jagi, likigusana na beseni la kunawia mikono. Mwezi wa pili mzee mmoja wa upande wa mumeo alinawa ndani ya bakuli langu. Aliomba radhi, ndiyo, lakini alimaliza kunawa kwanza.

2. Kuhusu uzito. Hili ndilo kubwa, na naomba ulisome ukiwa umekaa. Katika mlo uliopita bakuli langu liliondoka nyumbani kwangu likiwa na kilo tatu na gramu mia mbili. Liliporudi nililipima tena, kama ninavyofanya siku zote, likawa na kilo tatu na gramu mia nne na hamsini. Dada, nimefanya kazi ya vipimo kwa miaka ishirini na saba na sijawahi kuona chakula kinacholiwa kikaongezeka. Nilifanya uchunguzi kwa kijiko. Nikakuta mifupa saba ya kuku, ganda la limau, karatasi ya kufutia mikono iliyokunjwa vizuri, na viazi viwili vya kuoka ambavyo mtoto fulani alishindwa kuvimaliza. Viazi hivyo nilivila kwa ajili ya uchunguzi. Ulihitajika uchunguzi wa pili, lakini vilikuwa vimekwisha.

Sitaki kumtaja mtu kwa mifupa ile. Nasema tu kwamba katika familia yetu ni mmoja anayetafuna mfupa wa kuku hadi uwe mweupe kama chaki, na ndiye anayeleta nyama.

3. Kuhusu viazi vyenyewe. Nampenda shemeji yangu, mke wa Kaka wa Pili. Ni muuguzi, alinichoma sindano nilipokatwa na bati na hakuniumiza. Lakini viazi vyake vimetuharibia familia. Vinakuja vya moto, vimekauka juu na laini ndani, vinanukia kuanzia getini, na katika dakika sita sinia ni tupu. Nimehesabu dakika hizo kwa saa. Sasa niulize: hivyo ni chakula cha kusindikiza au ni mkutano wa hadhara? Cha kusindikiza husindikiza. Hakimtangulii bwana harusi kwenye kiti. Tena chakula ambacho kila mtu anakipenda mara moja hakimfunzi mtu chochote. Watoto wetu wanakua wakidhani duniani mambo yatakuja yenyewe yakiwa na mafuta juu. Kabichi yangu humtaka mtu afikiri. Nilipomweleza shemeji hoja hii alicheka, akapangusa mikono, akaniambia, "Shem, kizuri chajiuza." Methali yenyewe naijua hadi mwisho wake, na yeye anajua kwamba naijua. Hakuna haja ya kumalizia methali mbele ya watoto.

4. Kuhusu matumizi ya saladi yangu kama adhabu. Mpwa wetu, binti wa Dada wa Katikati, huwatuliza mapacha wake kwa kuwaambia, "Mkiendelea na kelele nitawapakulia kabichi ya Babu Mizani." Mapacha hunyamaza papo hapo. Nimeambiwa muhula huu wamepata pongezi shuleni kwa adabu. Kama familia inataka kuitumia saladi yangu kulea watoto, sina kinyongo, lakini iandikwe hivyo kwenye orodha, na nipewe shukrani kama mlezi.

5. Neno "umejitahidi." Kaka Mkubwa hulisema kila mara akipita mbele ya bakuli langu, sahani yake ikiwa imejaa, akinipiga begani kwa mkono ulio huru. "Kitinda, umejitahidi." Shemeji hajawahi kuambiwa amejitahidi. Huambiwa, "Vimebaki?" Neno hilo huambiwa timu iliyofungwa mabao manne.

6. Kuhusu maji. Wanasema damu ni nzito kuliko maji. Mimi ni damu yenu, nami nimepewa maji. Nitalisema hili bila mzaha, Dada, kwa kuwa ni wewe. Iliniuma. Hainiumi kwa sababu ya kabichi. Inaniuma kwa sababu anayeleta chungu huulizwa, "Umekipikaje?" na anayeleta maji huulizwa, "Umeyaweka wapi?" Mwenye chungu huketi na wakubwa, huulizwa habari zake, huombwa ushauri kuhusu kiwanja cha marehemu baba na kuhusu ada ya mtoto wa nani. Mwenye maji husimama. Kwa miaka mitatu niliketi. Sikujua kama nyama yenu ina mnofu upande ule wa meza mpaka nilipoketi.

Kwa hiyo, baada ya kupima na kupima tena, naomba kwa heshima zote mambo yafuatayo, na naamini utayaona ni madogo.

Kwanza jina langu lirudi kwenye vyakula vya kusindikiza, na bakuli langu lihamie katikati ya meza. Viazi vya shemeji vije na kifuniko, kifuniko hicho kisifunguliwe mpaka dakika kumi zipite, ili watu wapate nafasi ya kuangalia vitu vingine kwa utulivu. Wakati huo kila mtu mzima ajipakulie kabichi isiyopungua gramu themanini, na mtoto arobaini. Wajawazito nitawasamehe. Kwa kuwa macho ya mtu hayapimi, nitakuja na mizani kutoka karakana niiweke mlangoni kwa kujitolea, na kila sahani itakayotimiza kiasi itapigwa mhuri kwenye ukingo kwa wino unaooshwa. Sahani isiyo na mhuri isifike kwenye viazi.

Najua utasema watu watadanganya, watajipakulia kisha wamwage. Nimelifikiria. Ndiyo maana napendekeza kila mgeni apimwe akiingia na apimwe akitoka, kwenye mizani ya magunia ambayo nitaikodi bila malipo kwa kuwa ni yangu. Tofauti ikipungua, ataulizwa kwa upole. Bustani yako pia itakaguliwa, hasa pale kwenye maua, ambapo mwaka jana niliona sisimizi wengi kuliko kawaida wakiwa wamekusanyika juu ya zabibu kavu, na wengine wakiondoka.

Kama maombi haya yatakataliwa, sitapiga kelele. Nitajitenga. Nitaandaa mlo wangu wa familia siku ileile, saa ileile, nyumbani kwangu, wenye chakula kimoja tu, na milango itakuwa wazi kwa wote wanaoamini katika haki. Mpaka sasa nimethibitisha kuhudhuria mimi. Fundi wa redio wa duka la jirani amesema ataangalia.

Sikuandika haya kwa hasira. Niliandika mara ya kwanza kwa hasira, nikachana. Hii ni nakala ya pili, nayo nimeipima maneno. Wewe ndiye uliyenilea mama alipokuwa akiuza vitambaa sokoni, wewe ulinifunga kamba za viatu, na ukinisikiliza wewe hao wengine watanisikiliza. Naomba jibu kabla ya Ijumaa, maana kabichi nzuri huisha mapema.

Nisalimie shemeji yangu na umwambie miwani huwa iko kichwani. Nisalimie Kaka Mkubwa na meno yake, Kaka wa Pili, Dada wa Katikati na mpishi wake wa wali ambaye tunajua ni mumewe, na mapacha ambao nawatakia kelele nyingi. Msalimie na shemeji muuguzi, kwa heshima yake lakini si kwa viazi vyake. Na mzee aliyenawa, mwambie yamekwisha.

Ni mimi mdogo wako wa mwisho, ninayeheshimu meza yako hata nikiwa ukingoni mwake,

Kitinda, Fundi wa Mizani.

NYONGEZA: Dada, nimeikawiza barua hii siku moja, nawe utaona sababu. Nilitaka kuambatanisha cheti cha kuthibitisha kwamba mizani yangu ya jikoni ni sahihi, ili mtu asije akapinga zile gramu za malalamiko namba mbili. Nikaleta mawe ya kupimia kutoka karakana. Nikaweka la gramu kumi, sindano haikutikisika. Ishirini, kimya. Thelathini, kimya. Nilipofika arobaini ikaamka na kusema kumi. Hapo ndipo nikakumbuka kwamba mizani ile ililetwa na muoka mikate mmoja aliyeniambia, "Fundi, hii inalala," kisha akahama, nami nikaileta nyumbani nikaanza kuitumia. Sijawahi kuifungua.

Maana yake ni kwamba kila nilipotaka chumvi gramu kumi nilikuwa natia arobaini, na karafuu vilevile. Bakuli la saladi niliyokuwa nimeitengeneza kwa majaribio lilikuwa hapo mezani. Nikachukua kijiko, mara ya kwanza katika miaka mitatu, nikaonja. Nimekunywa glasi tatu za maji na ninaandika nikiwa na ya nne mkononi. Ile robo kilo siwezi tena kuiapia. Mifupa naiapia bado, lakini aliyeitia humo namwelewa.

Kuna jambo moja sikuliweka kwenye malalamiko, kwa kuwa mtu hulalamikia alichonyimwa. Kila mlo, miaka yote mitatu, wewe umekuja kukaa upande wangu, ukajipakulia vijiko viwili vya saladi yangu, ukavimaliza vyote ukiniuliza habari za karakana, na sahani yako haikubaki na kitu. Sikukuona ukikunja uso hata mara moja. Nilidhani unaipenda. Dada, wewe daktari alikukataza chumvi.

Niache kwenye maji. Nitakuja mapema na viti, na glasi ya kwanza nitakumiminia wewe.