Malalamiko Dhidi ya Ramani Iliyovipaka Visima Vyangu Rangi Nyekundu

Kwako Mhandisi wa Maji, ambaye pia ni mtoto wa dada yangu,

Baada ya salamu zinazostahili cheo chako (zile za mjomba nitakudai tukionana), nawasilisha malalamiko juu ya ramani iliyomo kwenye simu yako.

Kama ujuavyo, kwa miaka thelathini mimi ndiye niliyewaonyesha watu pa kuchimba. Nilitembea na kijiti changu chenye panda, kikiinama, nasema, "Hapa." Hakuna aliyeuliza kwa nini. Sasa:

1. Ramani yako imeingia mtaani bila hodi. Ulichota maji ya kila kisima kwenye vichupa, ukaenda zako, ukarudi na vidoti vya ramani: kijani maji salama, chekundu maji mabaya. Visima vyangu vyote sita ni vyekundu. Hata hodari wa kukosea hukosea kwa zamu, iweje sita?

2. Ulisema mbele ya mkutano, "Mjomba, maji yapo, ila yana madini ya floraidi kupita kiasi. Ndiyo yanayopinda miguu ya watoto." Kwa adabu zote, kijiti kiliulizwa habari za maji. Habari za miguu hakikuulizwa.

3. Ramani ilipeleka mtambo wa kuchimba visima nyuma ya karakana ya seremala, mahali nilipotangaza hadharani kuwa ni pakavu. Maji yakatoka, tena safi. Nayahesabu maji hayo kuwa yamenivunjia heshima kwa makusudi.

4. Mke wangu hunipita kibarazani na ndoo, akielekea huko huko. Nikimwuliza, hujibu, "Nafuata simu."

Kwa hiyo naomba kidoti kimoja tu, cha kisima cha kwanza, kipakwe kijani kwa heshima ya umri. Ikishindikana, ramani nzima iwe nyekundu, tuwe sawa. Hilo nalo likishindikana, maji ya seremala yafukiwe mpaka kijiti kiyaone chenyewe.

Nisalimie mama yako, mumeo, na dereva wa mtambo, ambaye angalau alinipa kiti.

Ni mimi mjomba wako,
Bwana Kijiti

N.B. Kipo kisima cha saba ambacho hukukiona, nyuma ya shule ya chekechea. Nilikionyesha mwenyewe. Leo nimewatazama watoto wakicheza, nikaanza kuhesabu miguu iliyopinda, nikashindwa kuendelea. Nimekifunga kwa mnyororo na kufuli. Njoo upesi ukipime, mwanangu: mwalimu ameshaniomba ufunguo mara mbili, na sijui nimwambie nini.