Dusk Si Usiku

Jumatatu, 13 Januari

Nimekuwa shangazi. Valerie, mke wa kaka yangu Joram, amejifungua msichana hospitalini Kombewa. Wote wazima. Muuguzi alisema ilikuwa saa moja kasoro. Mawingu yalikuwa yametanda, hakuna aliyeona jua likizama.

Hapo ndipo penye tatizo. Kwetu Wajaluo mtoto hubeba jina la wakati aliozaliwa. Wa jioni ni Adhiambo, kama mimi. Wa usiku ni Atieno, kama binamu yangu Maryanne. Na katika boma letu, mwenye jina ndiye humbeba mtoto mbele ya kanisa siku ya kuombewa. Mimi sijawahi kusimama mbele ya kanisa. Maryanne husimama kila Jumapili kuimba, na wimbo ukiisha hakai.

Dani, nyanya yetu, ndiye mwenye kuamua. Alimuuliza Valerie kama ilikuwa jioni au usiku. Valerie akasema wakati huo alikuwa na shughuli nyingine.

Jumatano, 15 Januari

Nina mpango. Nimefungua kamusi yangu ya shule. Neno ni "dusk": wakati mwanga umepungua lakini giza halijaingia kabisa. Halijaingia! Basi dusk ni jioni, na jioni ni Adhiambo. Nilifanya mazoezi ya kusema hivyo mbele ya ng'ombe. Alinisikiliza vizuri.

Mbele ya Dani sauti ilipotea. Nilisoma nikitazama viatu vyangu. Dani akauliza aliyeandika kitabu hicho ana boma wapi hapa Seme. Nikasema sidhani kama ana boma.

Maryanne akaenda kwao akarudi na boksi la taa ya sola iliyo langoni kwa baba yake. Limeandikwa "dusk to dawn", yaani kutoka dusk hadi alfajiri. Akawauliza watu taa hiyo humulika jioni au usiku. Wote wakasema usiku. "Basi dusk ni usiku, mwalimu," akaniambia.

Jibu zuri lilinijia nikiosha vyombo: mlango wa nyumba si nyumba. Lakini Maryanne alikuwa ameshaenda.

Jumamosi, 18 Januari

Dani amesema kamusi na boksi vikae kando, ataamua kwa kuku. Saa aliyozaliwa mtoto, kuku wakiwa bado nje, ni jioni. Wakiwa wameingia, ni usiku. Tutazame leo sote.

Sikudanganya mtu. Niliwapa kuku chakula tu. Omena ya Mama, dagaa wakavu bakuli zima, kidogo kidogo nyuma ya jikoni. Saa moja kasoro ilipofika hakuna hata mmoja aliyekuwa ameingia. Wanakula kama wako harusini. Maryanne akaanza kuwahesabu kuku upya. Nilikuwa nimeshinda.

Shida ni kwamba hawakuingia tena. Giza likaja, wao wanachakura. Familia nzima ikawafukuza kwa tochi. Jogoo wa Dani, yule aliyemnunua Ahero, akaruka ua hadi kwa jirani. Mbwa wa jirani akampokea.

Dani alimshika kuku mmoja, akamnusa. Kisha akanitazama. "Nyakwara," akasema, maana mimi ni mjukuu wake hata nikikosea, "sasa sina jogoo na sina jina."

Ijumaa, 24 Januari

Jina limepatikana. Si kwa Dani.

Mzee Mbugua, baba yake Valerie, alikuja leo kutoka dukani kwake Kisumu na gunia la viazi. Akauliza mjukuu wake anaitwa nani. Tukajibu sote kwa pamoja: jioni, usiku, dusk, taa, kuku. Mzee akageuka kumtazama binti yake.

Valerie alingoja tumalize. Akasema kwao Wakikuyu msichana wa kwanza huitwa jina la mama ya mume, hata azaliwe saa ngapi. Joram alikubali kabla ya harusi. Mtoto ni Dorca. Kwa nini hakusema mapema? Akasema hakuna aliyemuuliza. Aliulizwa saa tu.

Dorca ni Mama. Alikuwa jikoni, kama alivyokuwa tangu mtoto azaliwe, akitupikia sisi wenye kubishana. Alipoambiwa aliketi juu ya debe la maji, akalia kidogo, akainuka kugeuza ugali. Nikaona aibu kubwa. Ilidumu mpaka tulipoanza kula.

Jumapili, 26 Januari

Mama alimbeba mtoto mbele. Katikati ya wimbo leso aliyojifunga kiunoni ikalegea. Akanipa mtoto ili aifunge.

Ghafla niko mbele ya kanisa zima na mtoto mikononi. Watu wote wananitazama. Maryanne yuko nyuma yangu kwenye kwaya. Pasta Ondiek akanisogezea kipaza sauti, akauliza mtoto anaitwa nani.

Sikupanga. Nasema kweli. Kinywa kilisema Adhiambo, kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Pasta akamwombea Adhiambo maisha marefu. Kanisa likasema amina. Mama aliendelea kufunga leso, polepole sana.

Nyumbani Dani peke yake ndiye aliyesema nami. Aliuliza kama nilimwombea na jogoo.

Jumatatu, 27 Januari

Nimemwomba Mama msamaha, na Valerie pia. Niliwaambia kwamba jina si kitu cha kupigania, na nilipokuwa nikisema nililia kweli. Wamenisamehe. Pasta atarudia maombi Jumapili ijayo. Maryanne ndiye atakayetaja jina.

Sitakuwepo. Shangazi Jentrix wa Awasi ni mjamzito na siku zake zimekaribia. Mume wake ni Mjaluo kama sisi, kwa hiyo mtoto atapewa jina la wakati. Nimejitolea kwenda kumsaidia. Mama amefurahi, anasema nimeanza kuwa mtu mzima.

Wanawake husema kutembea huharakisha uchungu, na ratiba nimeshaipanga. Asubuhi Shangazi atapumzika. Mchana atalala. Jioni, jua likianza kushuka, tutatembea sana.