Kuosha Kibofu cha Mzee

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Mzee wangu karudi nyumbani. Mungu ni mwema! Tezi dume imeshafanyiwa upasuaji, kilichobaki ni mpira wa mkojo na mfuko wake unaoning'inia kitandani kama mkoba wa mwalimu mkuu. Mzee halalamiki hata kidogo. Mwanamume wa chuma yule. Nesi kasema kibofu kioshwe asubuhi na jioni: maji ya chumvi yaingizwe kwa bomba kama la sindano, yavutwe, mabonge ya damu yatoke. Yakikwama, mkojo hauna pa kupitia, na mzee anaweza kurudishwa kwenye kisu. Halafu nesi akasema aliyefundishwa kuosha ni dada yake mzee. Wifi! Yaani mimi mke nishike taulo tu? Haiwezekani. Nimemwambia wifi apumzishe miguu yake, maana inavimba, vifaa nitanunua mimi. Akaniangalia kwa jicho la pembeni. (Miguu yake haina neno. Mungu anisamehe.)

Jumanne, tarehe 4
Duka la dawa. Mabomba ya kila namna! Nikachagua zuri kuliko yote, lenye mistari ya buluu. Muuzaji akauliza nataka lenye mdomo wa namna gani. Swali gani hilo? Nikamwambia wowote, bora uwe msafi. Akataka kunieleza, nikamjulisha kwamba mimi si mgeni wa magonjwa.

Nyumbani, aibu. Mdomo wa bomba langu mwembamba, ni wa kuchomekea sindano. Tundu la mpira pana. Ni kama kuziba mtungi kwa njiti! Maji yote yakammwagikia mzee pajani. Akauliza kwa upole kama leo ni zamu yake ya kuoga. Wifi hakucheka mbele yangu. Alitoka kwanza nje, akacheka huko, tukamsikia wote. Kumbe hakuniamini tangu mwanzo, alikuwa na lake mkobani: kubwa, mdomo mrefu unaonenepa kuelekea nyuma. Likakaa kwenye mpira kama kifuniko na chupa yake. Halikuvuja hata tone! Kitu kizuri, lazima niseme. Roho iliniuma.

Jumatano, tarehe 5
Mpango mpya. Bomba la wifi, sawa, lakini maji yatakuwa yangu! Nimechemsha, nikatia chumvi, nikaonja, nikachuja kwa kitambaa kipya cheupe, nikayaombea mpaka yakapoa. Nikayatia kwenye chupa ya sharubati. Nesi alipokuja kumtazama mgonjwa, macho yake moja kwa moja kwenye chupa. Nikamjibu ni maji ya chumvi kama alivyoagiza, tena haya yameombewa.

Nesi yule ana adabu jamani! Akasema maombi abaki nayo mzee, maji yaende kwenye karo. Chumvi ya jikoni haiui vijidudu, na kibofu chenye kidonda hakina mlango wa kuvizuia. Maji yawe ya kiwandani, chupa imefungwa, ifunguliwe palepale. Alisema kwa sauti ya chini ili wifi asisikie. Wifi alisikia.

Basi wifi alipokwenda kuoga nikauchukua mkoba wake, na bomba na maji yake, nikaufungia kabatini. Kesho autafute akose, mimi niupate, wote waniite mwokozi. Safari hii sioni kasoro.

Alhamisi, tarehe 6
Ee Mungu, nifiche! Nilikwenda kwenye maombi ya akina mama, ufunguo wa kabati uko kifuani kwangu. Narudi, mpira umeziba. Mzee kashika kitanda kwa mikono miwili, jasho linamtiririka, tumbo limejaa chini kama ngoma. Mfukoni hata tone. Wifi kapindua nyumba nzima, na gari la hospitali limeshaitwa. Mzee hakupiga kelele. Aliniuliza tu kama maombi yalikuwa mazuri. Moyo ukanikatika.

Nikafungua kabati mbele yao, nikautoa mkoba chini ya mashuka. Wifi alinawa mpaka viwikoni, akavaa glavu, akasukuma maji taratibu, bila kulazimisha, akavuta. Hakuna kitu. Akamwambia kaka yake avute pumzi ndefu. Akarudia. Likatoka bonge jeusi kama kipande cha ini, kisha mkojo mwekundu, kisha wa rangi ya waridi, ukatiririka mfukoni. Mzee akafumba macho, akamshukuru Mungu; gari la hospitali lilipofika likarudi bila yeye. Mikono ya wifi! Mimi niliyeshika beseni nililia kama mtoto. Akaniambia nisogee huko na machozi yangu, yana vijidudu.

Jumatatu, tarehe 10
Mpira umetolewa! Mzee kakojoa mwenyewe, sisi sote mlangoni tunasikiliza kama taarifa ya habari. Nesi kampigia makofi. Wifi amerudi kwake leo. Nilimkumbatia, nikamwambia sijapata kuona mikono kama yake. Akasema na yeye hajapata kuona kichwa kama changu. Tulicheka mpaka tukashikana mabega. Nampenda, kweli.

Jioni kaja mama wa nyumba ya pili, ana wasiwasi. Mumewe anafanyiwa upasuaji uleule mwezi ujao, na nesi kamwambia asinunue chochote kabla ya kumwona. Maskini! Nimemwambia nesi ana kazi nyingi, asimsumbue, mimi nimeshayapitia haya yote. Kesho asubuhi namsindikiza dukani. Nimemsihi asimwambie wifi.