Filimbi ya Mpera na Sadaka ya Mavuno

Jumatano, 6 Agosti
Filimbi imekamilika. Tawi la mpera, limetobolewa kwa nondo ya moto. Vidole viwili vimeungua, haidhuru. Nilipuliza sauti moja tu nyuma ya banda, kifua kikajaa furaha mpaka nikacheka peke yangu. Mke wangu Eliakunda akachungulia, akauliza kama naumwa.

Jumapili ni sikukuu ya mavuno. Mama Elineema, mwalimu wa kwaya, hajaamua nani ataongoza maandamano ya sadaka: mimi, au Pantaleo na kinanda chake cha umeme. Eliakunda bado hajanisamehe ile ngoma niliyoipasua Pasaka. Amesema nikimwaibisha tena kanisani, filimbi itaivisha maharage. Hatanii.

Alhamisi, 7 Agosti
Nina filimbi, sina wimbo. Nimemwendea Gidamis, mfugaji wa huko tambarare za Hanang. Ana wimbo mmoja mtamu mno. Akanionya kuwa ni wa kuwaita ng'ombe waje kulamba magadi. Nikamjibu kuwa kanisani hapaingii ng'ombe. Malipo yake: mifugo ije kwetu Sigino ile mabua ya shamba langu. Mabua! Nimempiga bao.

Ijumaa, 8 Agosti
Majaribio. Pantaleo alikohoa makusudi nilipokuwa napuliza. Sikuyumba. Mama Elineema akasema nitaongoza mimi, ila kinanda kikae tayari endapo nitaharibu. Pantaleo akanipa mkono huku anatabasamu. Tabasamu lile silipendi hata kidogo.

Jumamosi, 9 Agosti
Ng'ombe wa Gidamis wamefika, wamejaa shambani kwangu. Shamba limepakana na ua wa kanisa, kwa hiyo kesho waumini wote wataona jinsi ninavyosaidia watu. Pantaleo kaonekana anazungukazunguka karibu na soketi ya kanisa. Anapanga jambo. Nimeilinda soketi mchana kutwa.

Jumapili, 10 Agosti
Nilianza vizuri. Nyuma yangu akina mama na vikapu vya mahindi na maboga. Kwa ubeti mmoja nilimsahau Pantaleo, nikasahau na maharage. Pumzi yangu iliingia kwenye kile kijiti ikatoka wimbo, na sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Kisha mtu akapiga yowe. Ng'ombe walikuwa wamevunja uzio, wanakuja kwangu. Nikaogopa, na mimi nikiogopa napuliza kwa nguvu zaidi. Wakaongeza mbio. Sadaka yote wameila. Mmoja alilamba joho la mchungaji, nadhani akitafuta magadi. Pantaleo alipiga kinanda kutuliza hali, ng'ombe hawakugeuka hata kumtazama. Angalau hilo.

Eliakunda alinipokonya filimbi, akatangulia nyumbani.

Jumatatu, 11 Agosti
Mchana, maharage. Nilijua kwa moshi wa mpera kabla sijaingia jikoni. Niliumia kwelikweli, machozi yalinilenga. Nikala sahani mbili.

Gidamis alipita kuniambia kuwa ng'ombe wake hawajawahi kumkimbilia yeye namna ile. Mama Elineema naye ametuma ujumbe: nisikaribie kwaya mpaka Krismasi. Maana yake Krismasi ananitegemea.

Nimeutazama mchi wa kinu wa Eliakunda. Mti mgumu, umenyooka, mrefu kuliko lile tawi la mpera. Sauti yake itafika mpaka kata ya Bagara. Kesho asubuhi anakwenda sokoni, na nondo bado ninayo.