Jiwe Langu Jeupe la Mlima Kigali

Jamani, leo nimeaibika mbele ya darasa zima, tena juu ya mlima, mahali pasipo hata mlango wa kujifichia.

Mwalimu wetu wa jiografia alitupandisha Mlima Kigali asubuhi. Atakayeeleza vizuri jiwe moja la mlima ule, alisema, ndiye ataongoza safari yetu ya mapango kule Musanze. Nilikitaka cheo hicho mpaka nikakosa usingizi. (Nilishawatangazia watu wa mtaani kwetu Kagarama kwamba ni changu. Mdomo huu!)

Halafu mlima wenyewe, sha! Mikaratusi inanukia, mto Nyabarongo unajipinda kule bondeni kama mshipi uliotupwa, na yale mabasi ya stendi ya Nyabugogo yanayotutisha kila siku yamekuwa punje za maharage. Hata mimi nilisahau kujisifu. Wenzangu wakaniuliza kama naumwa.

Tukapumzika kando ya njia. Nikakalia jiwe jeupe pee, kubwa kama kigoda. Nikashtuka: jiwe la chokaa! Nikainuka, nikatoa kichupa cha siki nilichoiba jikoni kwa mama kwa kazi hiyohiyo, maana chokaa ikiguswa na siki hutoa povu, nikadondoshea. Povu! Chwiii!

"Mwalimu, njoo uone! Hapa zamani palikuwa bahari!"

Wote wakakusanyika. Nikakaa tena juu ya jiwe langu kama mfalme, nikahutubia. Nikataja makombe ya baharini yaliyosagika yakawa chokaa. Samaki. Nyangumi pia (nilikuwa nimenogewa).

Keti, msichana asiyesema sana, akachuchumaa, akakwangua jiwe kwa ukucha. "Mbona ndani ni la kahawia?"

"Keti, acha wivu."

Mama mmoja aliyekuwa akipita na jembe begani akasimama. "Mwanangu, toka hapo. Hayo mawe tumeyapaka chokaa sisi wenyewe kwenye umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, Jumamosi iliyopita, njia ipendeze. Huoni yale mengine?"

Nikaona. Mawe meupe, mstari mmoja, mpaka konani. Bahari nadhifu kweli!

"Hebu geuka," Keti akasema.

Nikageuka. Suruali nyeusi, makalioni miduara miwili myeupe. Mwalimu alijaribu kukohoa, ikashindikana, akacheka mpaka akashika mti.

Keti akaokota jiwe la kawaida tu, la kahawia. Akatuonyesha chembe za mchanga ziking'aa ndani yake. Joto na mgandamizo viliuoka mchanga huo ukawa mgumu, akasema, ndiyo maana udongo wa pembeni umemomonyoka na mlima bado umesimama. Alieleza vizuri mpaka nikasahau suruali yangu. Nikampigia makofi wa kwanza.

Ataongoza yeye, na ni haki yake. Mimi nimeshuka wa mwisho kwa hiari yangu, asiwepo mtu nyuma. Anayetaka kucheka, jiwe bado lipo: aende akalikalie kwanza.